Mkanda wa Malkia na Kadi Ishirini na Nane

"Toa kadi ya bwana yangu!" Mama Philomène alisema kwa mara ya nne. "Itoe sasa hivi, Emérance, kabla sijaitoa mwenyewe kwa meno."

"Ipi?" Emérance aliuliza bila kugeuka. "Maana ziko mbili."

Hata angetaka kugeuka, asingeweza. Nyuzi mia moja na kumi na mbili za hariri zilikuwa zimefungwa upande mmoja kwenye nondo ya dirisha la chumba cha kushonea cha masista, na upande wa pili kwenye kiuno chake mwenyewe. Katikati zilisimama kadi ishirini na nane, zimebanana kama watu kwenye foleni ya chumvi, kila kadi ina matundu manne pembeni na kila tundu lina uzi wake. Mwanamke aliyefungwa hivyo akisogea mbele, kazi inalegea. Akirudi nyuma, inakatika. Kwa hiyo Emérance alikaa wima na kugombana huku anatazama ziwa.

"Mbili za nini?" Mama Philomène alishusha sauti kidogo.

"Ya sita na ya kumi na tisa. Ya sita ni ya chama kile cha wakati wa uhuru. Ya kumi na tisa ni ya chama kilichoapa kukimaliza kile cha kwanza. Picha ni ile ile, Mama. Tai ya shingoni pia ni ile ile. Papa Hippolyte alibadili chama, hakubadili tai."

Kwenye kigoda karibu na miguu yake, Léonie aliyekuwa akimpitishia uzi wa kufumia alikohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Na wewe unacheka nini?" Mama Philomène alimgeukia. "Nani amekuita katika maneno ya watu?"

"Mimi ni mwombaji tu, Mama. Nangojea mkate."

Hapo hakusema uongo. Masista walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano tangu wafungue shule yao mjini, na Jumapili ile kungekuwa na mchezo wa malkia mtakatifu mmoja wa Ulaya ya kale, aliyekuwa akitoka kwenye jumba lake kwa siri kuwapelekea maskini mkate. Mwanzoni mchezo ulikuwa wa wasichana wa shule. Kisha kamati ya wamama ikasikia kwamba kutakuwa na magauni. Wiki moja baadaye wasichana walikuwa wamepelekwa nyuma ya pazia kuimba, na wamama wenye miaka arobaini walikuwa wamegawana nafasi sita za vijakazi wa malkia, ambao kitabu cha mchezo kinasema walikuwa wasichana wa miaka kumi na sita. Umalkia wenyewe ulimwangukia Mama Philomène, mke wa karani wa bandari, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongoza mkutano. Waombaji walichaguliwa miongoni mwa wake za wavuvi waliohamia kutoka kaskazini ya ziwa. "Hao hatuna haja ya kuwashonea kitu," Mama Philomène alisema, na katibu aliandika.

Léonie alikuwa mmoja wao. Alitoka upande wa mji wa Baraka, mumewe alivua ndagala, dagaa wa ziwa, na mikono yake ilijua uzi kuliko mikono ya kamati nzima. Hariri ilipoanza kuteleza na kujisokota, diploma ya Emérance ya ushoni na kazi za nyumbani haikusema neno. Léonie alizipaka nyuzi nta ya nyuki, akazifunga kwa fundo la wavu, zikatulia.

Emérance hakuwa na nafasi katika mchezo na hakuitaka. Alikuwa na watoto wanne na mashine ya kushonea iliyokaa barazani, ambako mbuzi wa jirani walikula kola mbili mwezi uliopita. Alichotaka ni chumba hiki. Masista walikuwa wanapunguza nyumba zao, na watu wa biro, yaani ofisi ya serikali, walishaomba wapewe chumba waweke makaratasi ya zamani. Mkubwa wa masista, Sista Godelieve, Mbelgiji mwembamba mwenye maneno machache, alifungua kitabu chenye picha za mavazi ya kale akaweka kidole juu ya mkanda: mpana kama vidole vitatu, mwekundu na dhahabu, umezunguka kiuno mara moja na kushuka mbele hadi kwenye pindo la gauni.

"Gauni hili bila mkanda huu ni nguo ya kulalia," alisema. "Mikanda saba kwa Jumapili, kama ya kitabu. Ikiwa saba, chumba na mashine mbili ni zenu, na Emérance atavishika. Ikiwa sita, nitajua kwamba ninyi ni watu wa kuanza tu, na ufunguo nitawapa watu wa biro."

Hariri ilikuwepo: sanduku zima lililobaki katika kutarizi nguo za mapadri. Kitanda cha kufumia hakikuwepo. Lakini kitabu kilieleza kwamba mabibi wa zamani hawakuhitaji kitanda. Walitumia vipande vya mfupa au vya mbao nyembamba, vya mraba, vyenye tundu kila pembe; unavizungusha vyote pamoja robo mzunguko, njia inafunguka kati ya nyuzi, unapitisha uzi, unapigapiga, unazungusha tena. Emérance alisoma mara tatu, akaelewa. Alijaribu maboksi ya viatu: hewa ya ziwa iliyalainisha kama ugali wa jana. Aliomba karata za kuchezea katika baa ya Célestin: wanaume walizikumbatia kama watoto wachanga.

Ndipo alipokumbuka kadi za vyama. Mumewe Casimir, fundi wa reli, alikuwa na tatu katika kopo la misumari, na Emérance alizitoboa bila kuomba ruhusa. Casimir alipoziona alisema afadhali, hatimaye zimepata kazi. Zilikuwa karatasi ngumu, nzuri, na upande uliobandikwa picha ulikuwa mgumu zaidi, kwa hiyo alikata mraba akaacha upande huo, wenye jina na uso. Na jambo lililomfurahisha kuliko yote: vyama vilivyotukanana kila Jumamosi kwa vipaza sauti vilikuwa vimechapisha kadi zao kwa mashine moja, kipimo kimoja, hata mstari wa pembeni ulikuwa mmoja.

Zilizobaki aliomba kwa wamama wa kamati, nao wakazileta kwa mikono miwili. Mwaka ule wa sitini na tatu, baada ya Katanga kurudishwa na jimbo kupata serikali mpya, hakuna aliyetaka kadi za zamani nyumbani. Kuzichoma kulikuwa vibaya, uso wa mume wako umo. Kuzitupa ziwani kulikuwa vibaya zaidi, maana ziwa hurudisha. Kuzitoboa kwa ajili ya masista, hilo lilionekana kama sadaka. Mama Philomène alileta saba, aliziokota ndani ya sanduku la mumewe, zake na za ndugu zake, bila kuziangalia, kwa sharti moja tu: mkanda wake uwe mpana kuliko ya wengine.

Na sasa ilikuwa Ijumaa. Mikanda sita ilining'inia kwenye ukuta, wa saba ulikuwa njiani, na Papa Hippolyte alikuwa amesikia kwamba serikali mpya inatafuta mkubwa wa biro ya bandari, mtu asiyewahi kuwa na chama. Tangu Jumatatu alikuwa akiapa mbele ya kila mtu kwamba yeye ni mtu wa kazi, hajawahi kushika kadi ya chama chochote tangu kuzaliwa. Asubuhi ile alifungua sanduku ili achome ushahidi, akakuta hakuna ushahidi. Alimwuliza mkewe.

"Ataniua," Mama Philomène alisema, na sasa alikuwa karibu na machozi. "Emérance, wewe ni mama kama mimi."

"Kadi mbili naweza," Emérance alisema. "Nitazichana kutoka tunduni, nyuzi zitabaki, nitavisha mbili nyingine mahali pake. Niletee mbili za kipimo hiki. Na usimwambie muntu."

Alisema hivyo kwa sababu alimfahamu, na alisema bure kwa sababu hiyo hiyo. Mama Philomène alienda nyumba za reli kuomba kadi. Kwenye mlango wa kwanza aliulizwa za nini, akaeleza kidogo. Kwenye mlango wa tatu alieleza vizuri zaidi. Alipofika mlango wa sita maelezo yalikuwa yanatembea yenyewe, yamemtangulia njiani. Hakupata kadi hata moja. Lakini saa sita mchana, kila mwanaume wa reli, wa bandari na wa biro alijua mahali uso wake ulipo.

Emérance alifuma. Hakula. Mkanda wa Mama Philomène ulitakiwa kuwa pima moja na nusu, na saa kumi alikuwa amepita pima moja kwa shubiri moja tu. Alihesabu: usiku kucha na kesho yote, na angemaliza Jumapili kabla ya misa ya kwanza. Ndipo alipoona kofia zikipita chini ya dirisha.

Walikuwa kumi na mmoja. Papa Hippolyte alitangulia, tai yake shingoni. Nyuma yao alikuja Mama Philomène, uso umevimba, gauni la malkia mkononi kwa kuwa alikuwa anatoka kulipimisha.

"Hodi," walisema, na kila mmoja akatafuta sababu ya kuja. Mmoja alieleza kwamba amekuja kuona bawaba ya dirisha. Mwingine aliuliza mchezo utaanza saa ngapi. Watatu walikuwa wamekuja kuwasalimia masista, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tangu ubatizo.

"Karibuni," Emérance alisema. "Mtanisamehe sisimami."

Papa Ignace, karani wa mahakama, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Huyu ndiye mtu aliyewaandikia wenzake barua kwa Kifaransa, na mtu asiposema Kifaransa chake vizuri alimsahihisha hata msibani.

"Mama Emérance," alianza, "sisi ni watu wa masomo. Hatuna imani za ovyo. Lakini jina la muntu, picha ya muntu, tundu inne, halafu kuzungusha, kuzungusha, na kamba imefungwa tumboni mwa mwanamuke. Wewe mwenyewe, kama ungeambiwa, ungeita hiyo nini?"

"Ningeita mkanda."

"Mimi wiki tatu sasa kichwa kinanizunguka."

"Wiki tatu njo tangu Célestin apate bia mpya."

"Hata mimi mgongo!" alipaza sauti Germain, dereva wa treni, kutoka nyuma. "Tangu siku ile mgongo wangu..."

"Wewe Germain kadi yako haimo. Bibi yako hakunipa."

Germain alionekana kuumia kuliko wote, kama mtu aliyenyang'anywa ugonjwa wake mbele ya watu.

"Tusipoteze wakati," Papa Hippolyte alisema. Hakutazama kadi. Alitazama mahali pote pengine, dari, mashine, mguu wa Léonie. "Mimi sina kadi hapa, kila muntu anajua. Nazungumza kwa ajili ya hawa wenzangu. Zikatwe zote, leo. Ao tutasema kwa Mama Mkubwa kwamba ndani ya nyumba ya Mungu munafanywa uchawi."

"Sema, basi," ilisema sauti mlangoni. "Nimefika."

Sista Godelieve aliingia na kitabu chini ya kwapa. Alitazama kofia kumi na moja, zikavuliwa. Alitazama nyuzi, dirisha, kiuno cha Emérance. Uchawi haukumshughulisha, miaka ishirini na mitano alikuwa amewasikia wanaume wakiuona kila mahali palipo na mwanamke anayefanya kazi.

"Mkanda umekwisha?" aliuliza.

"Bado, Mama Mkubwa. Niachwe nifanye kazi, Jumapili asubuhi utakuwa tayari."

"Na hawa watakuacha?"

Hapo Mama Philomène akasonga mbele, gauni likiburuta sakafuni.

"Kata, Emérance! Mkanda ni wangu, mimi njo malkia, na mimi nasema ukate. Uliokwisha fumwa unanitosha. Nitaubana kwa pini."

"Haukutoshi."

"Unanitosha! Unataka ndoa yangu ife kwa sababu ya kamba? Kata!"

Emérance alitazama kazi yake. Nyekundu ilikuwa imetulia vizuri, na dhahabu ilikwenda katikati kwa pembe ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, bila kosa tangu shubiri ya kwanza. Alihesabu tena: angeweza kubishana mpaka usiku, na watu kumi na mmoja wangebaki pale pale, mmoja tu mwenye mkasi wa mfukoni angetosha, naye angekata mahali pabaya.

"Léonie, funga hapa," alisema.

Léonie alipitisha uzi kwenye mwisho wa kitambaa, akaukaza kwa fundo lake la wavu mara mbili. Emérance alichukua mkasi, akakata. Nyuzi ziliruka hadi dirishani. Kadi zilimwagika mapajani mwake. Akazikusanya zote katika kikapu cha vitambaa, akasimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, magoti yakilia, na kukiweka kikapu mezani mbele ya wanaume.

"Haya. Kila muntu achukue yake."

Hakuna mkono uliosogea.

Papa Ignace alimtazama Papa Hippolyte. Papa Hippolyte alitazama dari. Juu kabisa ya kikapu uso wa mtu fulani mwenye tai ulikuwa ukiwacheka wote, una tundu kwenye kila sikio, lakini mwenye uso huo alijifanya haufahamu. Maana kuchukua kadi kulikuwa ni kusema mbele ya mashahidi kumi: hii ni yangu. Na kila mmoja wa wale kumi alikuwa anataka kazi ile ile ya bandari.

"Si mmezifuata?" Emérance aliuliza. "Sasa hivi tu zilikuwa roho zenu."

"Mimi nilikuja kwa bawaba," alisema yule wa bawaba, akatoka. Waliokuja kusalimia walisalimia kwa haraka, wakatoka nao. Papa Ignace alisema kwa Kifaransa kizuri sana kwamba ana kikao. Papa Hippolyte alibaki wa mwisho, akasogea, akanyoosha vidole viwili kuelekea kikapu; Germain alichungulia tena mlangoni, na vidole vile vikaishia kurekebisha tai. Naye akaenda. Kadi zote ishirini na nane zilibaki mezani, hakuna chama kilichopungukiwa.

Mama Philomène alikuwa tayari amejifunga mkanda. Aliuvuta, akavuta pumzi, akauvuta tena. Mkanda ulizunguka, ukafungika, na ncha yake ikaishia mahali mfuko wa aproni unapoanzia. Alijaribu kuishusha kwa kuinama.

Sista Godelieve alifungua kitabu. Hakuwa mtu wa kufurahia mambo hayo, lakini alikuwa mtu wa kipimo.

"Unashuka hadi pindo," alisema na kugusa picha. "Huu haushuki. Mikanda ni sita, Emérance. Nasikitika." Na mkono wake ukaingia katika mfuko ulio na ufunguo, si kuutoa, kuushika tu, kama mtu anayehakikisha kwamba bado ni wake.

Emérance alitazama mfuko ule. Alitazama ncha ya mkanda kwenye aproni. Kisha akamtazama Léonie, ambaye alikuwa amepiga magoti akiokota mabaki ya hariri ili yasipotee, kiuno chake kama cha msichana baada ya watoto watatu na samaki wachache.

"Mama Philomène, fungua."

"Nifungue nini?"

"Mkanda." Hakungoja. Aliufungua mwenyewe, kwa vidole vya mtu aliyewavua watoto wanne nguo chafu kila jioni. "Léonie, simama."

"Mimi?"

"Simama, nasema, nyosha mgongo."

Aliuzungusha mara moja, akaufunga mbele. Ncha ilishuka, ikapita goti, ikapita muundi, ikasimama kwenye kifundo cha mguu, nyekundu na dhahabu juu ya kitenge kilichopauka.

"Mke wa mvuvi!" Mama Philomène alipata sauti yake. "Mke wa mvuvi wa ndagala awe malkia, mimi nibaki nini?"

"Waombaji sasa wamepungua mmoja."

"Mimi? Mimi, mwombaji?"

"Malkia wa kitabu aliwagawia watu mkate. Wewe katika mji huu umegawa nini, Mama, zaidi ya habari za bwana yako?"

Mama Philomène alifungua kinywa kumwelekea Sista Godelieve. Lakini Sista Godelieve alikuwa anahesabu ukutani kwa kidole, polepole, mmoja, wawili, mpaka sita, na kidole kikashuka kwa Léonie.

"Saba," alisema. Mkono wake ulitoka mfukoni, mtupu. "Lakini gauni lilishonwa kwa mwili mwingine. Ufunguo utatoka Jumapili, na Jumapili ni keshokutwa."

"Gauni linapunguzwa," Emérance alisema. "Mkanda uliokatwa haurefushwi."

"Mama Emérance, mimi sijui maneno ya malkia," Léonie alinong'ona.

"Ni sentensi nne. Nitakufundisha huku nashona. Inua mikono."

Alilichukua gauni kutoka mkononi mwa Mama Philomène, ambaye alilishikilia kidogo na kisha akaliacha, akalivisha juu ya kichwa cha Léonie, akakikusanya kitambaa cha ziada mgongoni kwa ngumi nzima. Akaweka pini sita kati ya midomo, akaichomeka ya kwanza.